Mwongozo kamili: kupeana data kati ya vituo vya trafiki vya mikoa jirani

Lori limelala ubavu kilomita mbili baada ya mpaka wa mikoa miwili. Kituo cha upande huo kimeliona kwenye kamera, kimefunga njia mbili na kuwasha mabango yake ya kielektroniki. Foleni nayo haina habari na mipaka. Inarudi nyuma, inauvuka mpaka, na madereva wanaoijongea kutoka mkoa wa pili, ambao bado wana nafasi ya kuchepuka, wanapita chini ya mabango yaliyo kimya. Mabango hayo yanaendeshwa na kituo kingine, na kituo hicho hakijui lolote.

Kwa kawaida mtu hunyanyua simu. Simu si haba, ila huzidiwa siku ya mvua kubwa, matukio kumi na tano yakiwa wazi kwa pamoja na mwendeshaji wa zamu akiwa na masikio mawili tu. Hapo ndipo wakubwa husema vituo viunganishwe, na kazi hukabidhiwa mafundi wa kompyuta kana kwamba ni suala la waya.

Waya ndiyo sehemu nyepesi. Vituo viwili vinaweza kutumiana faili safi kabisa, zisizo na kosa hata moja la kiufundi, na bado visielewane, kwa sababu kimoja kikisema "imefungwa" kina maana ya barabara nzima na kingine kina maana ya njia moja. Hatua zifuatazo zinaanzia hapo. Katika mifano nitaviita vituo vyetu Mashariki na Magharibi. Ajali imetokea Mashariki, foleni imeingia Magharibi.

Hatua ya 1: Anzeni na maamuzi, data itafuata

Msiulizane "mna data gani?" Orodha itakuwa ndefu na nusu yake haitatumiwa na mtu. Waketisheni waendeshaji wa zamu wa pande zote mbili, wale wanaokaa mbele ya skrini usiku, na kila mmoja amalizie sentensi hii: "Nikijua jambo fulani kutoka kwenu, nitafanya jambo fulani." Nikijua njia mbili zimefungwa kilomita mbili mbele, nitaandika onyo kwenye bango la makutano ya mwisho. Nikijua kasi imeshuka chini ya 30 km/h, nitabadilisha mpango wa taa kwenye barabara ya kuchepukia. Data isiyo na kitendo upande wa pili iacheni kwanza.

Mkikosa pa kuanzia, yapo maandishi ya kuazima. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 886/2013 inataja aina nane za matukio ya usalama: utelezi wa muda, wanyama au watu au vizuizi barabarani, eneo la ajali lisilolindwa, matengenezo ya muda mfupi, uoni hafifu, dereva anayekwenda kinyume, kuziba kwa barabara kusikosimamiwa, na hali ya hewa isiyo ya kawaida. Nane tu, na zinatosha kwa mwaka wa kwanza.

Kisha wekeni muda. Marekani, kanuni ya shirikisho iitwayo 23 CFR 511 inadai kwamba tukio linaloziba njia kwenye barabara kuu za Interstate, zile zinazounganisha majimbo, litolewe taarifa ndani ya dakika 10 katika maeneo ya miji mikubwa na ndani ya dakika 20 kwingineko, kwa usahihi usiopungua asilimia 85 na upatikanaji usiopungua asilimia 90. Si lazima mzichukue namba hizo. Lakini bila namba yoyote, neno "haraka" litazua ugomvi kila mwezi.

Hatua ya 2: Chagueni kiwango kilichopo

Kishawishi cha kujitungia fomati yenu ni kikubwa, hasa mkiwa vituo viwili tu. Kishindeni. Kituo cha tatu kikija, au mmoja wenu akibadilisha programu, fomati ya nyumbani hugeuka mzigo usio na mtu wa kuubeba.

Familia kuu ni mbili. Marekani hutumia TMDD, kamusi ya data ya usimamizi wa trafiki inayotunzwa na taasisi za ITE na AASHTO, pamoja na NTCIP 2306, inayoeleza jinsi ujumbe wa XML (maandishi yaliyopangwa ili kompyuta iyasome) unavyosafirishwa kati ya kituo na kituo. Ulaya hutumia DATEX II, iliyosanifiwa kama mfululizo wa EN 16157: sehemu ya 2 ni ya mahali, ya 3 ni ya matukio, ya 4 ni ya mabango ya kielektroniki, ya 5 ni ya vipimo kama kasi na idadi ya magari. Nje ya mabara hayo, swali la kujiuliza ni la kiutendaji: programu zilizopo kwenye vituo vyenu tayari zinaelewa ipi?

Tofauti yao inahisiwa kazini. TMDD imejengwa juu ya mazungumzo. Inamtaja kituo mmiliki na kituo cha nje, na inaeleza nani anauliza, nani anajibu, kosa linaripotiwaje. Inakuja pia na jedwali la kuunganisha kila hitaji na masharti yake, nalo ni zawadi kwa mtu anayeandaa zabuni. DATEX II ina nguvu zaidi katika kueleza tukio lenyewe na mahali lilipo, na ina utaratibu wa kuongeza vipengele vyenu bila kuuvunja mfumo wa wengine. Binafsi, kama lengo ni kusambaza taarifa za barabarani, ningechukua DATEX II. Kama lengo ni kituo kimoja kuomba huduma ya vifaa vya kingine, ningeegemea TMDD.

Vipo viwango vya kando vya kazi maalumu: WZDx kwa maeneo ya ujenzi, CAP kwa maonyo ya dharura, SIRI na GTFS kwa usafiri wa umma. Msivilazimishe kubeba kazi ya vile vikuu.

Jambo moja hupuuzwa mno. Kusema "tunatumia DATEX II" hakumalizi chochote, kwani kiwango ni kipana na sehemu nyingi ni za hiari. Andikeni wasifu wenu, hati fupi inayosema: tunatumia toleo hili, sehemu hizi ni za lazima, hizi hazitumiki, na thamani zinazoruhusiwa ni hizi. Wasifu wa kurasa kumi una thamani kuliko kiwango cha kurasa elfu ambacho kila mmoja amekisoma kivyake.

Hatua ya 3: Kubalianeni maana, neno kwa neno

Hapa tengeni muda mrefu kuliko mnavyodhani mnauhitaji. Chukueni matukio halisi ya mwezi uliopita, kila kituo kiyaandike kwa kiwango mlichochagua bila kuangaliana, kisha linganisheni. Tofauti zitakazojitokeza ndizo ajenda yenu.

Mtazikuta chache zilezile. *Njia ya kwanza* ni ipi? Kuna wanaohesabu kutoka katikati ya barabara, wengine kutoka ukingoni, na WZDx huhesabu kutoka kushoto. *Ukingo wa barabara* ni njia au si njia? *Msongamano* unaanza kwa kasi gani, na kwa dakika ngapi mfululizo? *Ajali imekwisha* lini: magari yakiondolewa, njia zikifunguliwa, au foleni ikiisha? Hili la mwisho ndilo zito kuliko yote, kwa sababu kati ya kuondoa lori na kuisha kwa foleni inaweza kupita saa nzima, na Magharibi ndiyo inayoishi ndani ya saa hiyo. Pendekezo langu ni kuyafanya mambo mawili: ajali ni tukio moja, foleni ni tukio jingine, na yameunganishwa. Ajali ikifungwa, foleni inabaki hai mpaka iishe.

Tenganisheni pia ukweli na tetesi. Simu ya dereva mmoja haina uzito sawa na picha ya kamera. DATEX II ina sehemu ya kuonyesha kama jambo ni la hakika, linaelekea kuwa kweli, au ni hatari inayoweza kutokea. Itumieni, na mwelewane mapema kwamba Magharibi haitawasha bango kwa tetesi.

Vipimo viandikwe wazi. Kama kituo kimoja kinatumia maili na kingine kilomita, chagueni kipimo cha kwenye ujumbe na kila upande ugeuze kwake. Saa zote ziwe za UTC, saa ya pamoja ya dunia, katika mtindo wa kimataifa wa kuandika tarehe na saa, ISO 8601, hata kama vituo viko katika ukanda mmoja wa saa, na saa za seva zote zisawazishwe kwa NTP, utaratibu wa kulinganisha saa kupitia mtandao. Mahali ambapo saa hurudishwa nyuma kila mwaka, saa moja hujirudia usiku huo, na tukio lililoandikwa kwa saa ya ukutani linaweza kuonekana limefungwa kabla halijafunguliwa.

Hatua ya 4: Mahali, penye mitego mingi

Nukta mbili za latitudo na longitudo zinaonekana kuwa jibu la kila kitu. Si jibu. Ramani ya Mashariki na ramani ya Magharibi zimechorwa na watu tofauti, na nukta iliyo katikati ya barabara kwenye moja huangukia upande wa pili kwenye nyingine. Upande wa barabara ukikosewa, onyo linawaendea madereva wanaotoka kwenye ajali.

Kwanza, sheria ndogo ndogo. Tumieni WGS 84, mfumo wa majiranukta unaotumiwa na GPS. Andikeni angalau desimali tano, ambazo ni kama mita moja ya usahihi, kwani desimali tatu ni zaidi ya mita 100 na hazitofautishi barabara kuu na ile ya pembeni. Kubalianeni mpangilio: GeoJSON, fomati ya kuandika data za ramani, hutanguliza longitudo, ilhali mazoea ya watu wengi ni kutanguliza latitudo. Ajali iliyotua katikati ya bahari kwa kawaida ni namba hizi mbili zilizobadilishana viti.

Kisha chagueni njia kuu ya kutaja mahali. Alama za kilomita na namba za barabara ni bora kwa binadamu na kwa magari ya uokoaji, ila zina kasoro mpakani, ambako hesabu huweza kuanza upya au barabara kubadili jina. Meza za mahali za Alert-C, yaani orodha za maeneo yenye namba zilizobuniwa kwa ajili ya ujumbe wa trafiki wa redio, ni thabiti na fupi, lakini ni lazima pande zote ziwe na meza ileile ya toleo lilelile, na barabara isiyo kwenye meza haipo kabisa. OpenLR, iliyotolewa na TomTom mwaka 2009, iliundwa kwa ajili ya hali yenu hasa. Inaeleza kipande cha barabara kwa sifa zake, kama daraja la barabara, mwelekeo na umbali, ili kila upande ukitafute kwenye ramani yake. Mara nyingine hukosea penye barabara nyingi sambamba, kwa hiyo pimeni.

Ushauri wangu: tumeni namna mbili kwa pamoja. OpenLR au nukta kwa ajili ya kompyuta, na barabara, mwelekeo na kilomita kwa ajili ya mtu. Mbili zikipingana, mfumo upige kengele na mwendeshaji aamue.

Mwisho, chukueni barabara zote zinazovuka mpaka, moja moja, na kwa kila moja andikeni nukta ya makabidhiano: mahali kamili ambapo jukumu linahama, jina la barabara kila upande, na jina la mwelekeo kila upande. "Kuelekea kaskazini" kwa mmoja ni "kuingia mjini" kwa mwingine. Jedwali hili ni la kuchosha kulitengeneza, na ndilo litakalofunguliwa mara nyingi kuliko hati nyingine yoyote ya mradi.

Hatua ya 5: Tukio moja, mmiliki mmoja

Fahali wawili hawakai zizi moja. Vituo viwili vikiruhusiwa kuhariri tukio lilelile, mmoja atafunga njia huku mwingine anaifungua, na kila mfumo utaurudishia mwenzake mabadiliko hayo bila kikomo. Kanuni iwe hivi: kituo ambacho tukio limetokea kwenye barabara zake ndicho mmiliki. Wengine husoma, hutoa maoni, hawahariri. Foleni ikivuka mpaka, Magharibi hufungua tukio lake la foleni na kuliunganisha na ajali ya Mashariki.

Kila tukio libebe kitambulisho kisichorudiwa kamwe, chenye alama ya kituo ndani yake, na namba ya toleo inayopanda. Tuangalie ajali yetu. Saa 08:02, toleo la 1: ajali, haijathibitishwa. Saa 08:06, toleo la 2: imethibitishwa kwa kamera, njia mbili kati ya tatu zimefungwa. Saa 08:41, toleo la 3: njia moja imefungwa. Saa 09:15, toleo la 4: limekwisha. Tuseme mtandao ulisuasua na toleo la 2 likafika Magharibi baada ya la 3. Mfumo unaofuata mpangilio wa kuwasili utafunga tena njia iliyokwishafunguliwa. Mfumo unaosoma namba ya toleo utalitupa la 2 na kuendelea.

Sasa tuseme toleo la 4 halikufika kabisa. Ajali iliyoondolewa itabaki hai kwenye mabango ya Magharibi mpaka mtu aione. Matukio haya ya mzimu ndiyo huua imani ya waendeshaji: wakiyaona mara tatu, hawautazami mfumo tena. Dawa yake ni muda wa kuisha. Kila tukio liseme litahesabika limekufa saa ngapi lisipohuishwa, na mmiliki alihuishe kabla ya hapo hata kama hakuna kilichobadilika.

Hatua ya 6: Njia ya kupelekeana

Kuna mitindo mitatu. Magharibi inauliza kila baada ya muda na kujibiwa. Au Magharibi inajisajili, na Mashariki inasukuma ujumbe kila jambo likibadilika. Au Mashariki inasukuma picha nzima kwa vipindi. Kwa matukio, chukueni usajili wenye kusukuma. Kwa kasi na idadi ya magari, picha ya kila dakika inatosha na ni rahisi kuitengeneza.

Msitegemee mabadiliko peke yake. Muunganisho ukikatika kwa dakika tano na kurudi, Magharibi haijui ilikosa nini. Kwa hiyo kila muunganisho mpya uanze kwa picha nzima ya matukio yaliyo hai, ndipo mabadiliko yafuate. Wekeni pia mapigo ya moyo, yaani ujumbe mtupu kila baada ya sekunde chache unaosema tu "nipo". Bila mapigo, ukimya wa mtandao uliokufa unafanana kabisa na asubuhi tulivu isiyo na ajali.

Hatua ya 7: Usalama na faragha

Kwa ufupi: mawasiliano yapite kwenye TLS, njia iliyosimbwa, yenye vyeti vya utambulisho vya pande zote mbili, na seva ya kupeana data ikae kwenye ukanda wake uliotengwa, isiguse moja kwa moja mtandao unaoendesha taa. Ujumbe unaoingia ukaguliwe dhidi ya skima, yaani kielelezo cha muundo wake, kabla ya kuguswa na kitu kingine.

Namba za magari na alama za Bluetooth za simu zisivuke mpaka. Muda wa safari unaopimwa kwa alama hizo unahesabiwa nyumbani, na kinachotumwa ni wastani. Kwa picha za kamera, semeni wazi jirani anaweza kuzitazama, kuzirekodi au kuzitoa kwa umma. Ni ruhusa tatu tofauti, na chaguo la kwanza liwe kutazama tu.

Hatua ya 8: Kuomba vifaa vya jirani

TMDD inaruhusu kituo cha nje kuomba bango liandikwe au kamera igeuzwe. Acheni mpaka kusoma kwa kawaida kuwe kumetulia miezi kadhaa. Mkifika huko, iwe *ombi*, wala si amri. Mmiliki ana orodha ya vipaumbele, anaweza kukataa, na jibu liseme kilichotokea kweli barabarani. "Ombi limepokelewa" na "bango linaonyesha maneno haya sasa" ni majibu mawili tofauti.

Hatua ya 9: Jaribuni kwa kuvunja

Jaribio la ujumbe sahihi kupita salama halikufundishi kitu. Andaeni siku ya uharibifu. Chomoeni waya katikati ya tukio, kisha hesabuni dakika mpaka picha ilingane tena. Tumeni matoleo kinyume cha mpangilio. Sogezeni saa ya seva mbele dakika kumi. Wekeni ajali mita 50 kila upande wa mpaka muone nani anaidai. Tumeni tukio lenye njia ya tano kwenye barabara ya njia tatu. Rudieni mzigo wa siku mbaya kuliko zote mlizowahi kuzirekodi, mara mbili yake, na muwaweke waendeshaji halisi mbele ya skrini.

Baada ya hapo endesheni mifumo sambamba na simu kwa wiki kadhaa. Kila mara simu ikitangulia data, andikeni kwa nini.

Hatua ya 10: Hati ya makubaliano, na kesho yake

Hati isiwe ndefu. Itaje wasifu mliokubaliana, viwango vya muda, matumizi yanayoruhusiwa, haki ya kusambaza kwa wengine kama redio na kampuni za ramani, nani analipia nini, na namba ya chumba cha zamu inayopokelewa usiku na mchana. Namba ya ofisi haifai kitu saa tisa za usiku.

Kipengele cha mabadiliko kiandikeni kwa makini kuliko vyote. Mmoja wenu atapandisha toleo, na mwingine hatakuwa na bajeti mwaka huo. Kubalianeni kwamba anayepandisha ataendelea kutoa toleo la zamani kwa muda uliotajwa kwa miezi, na kwamba meza za mahali na jedwali la mpakani havibadiliki bila taarifa ya siku kadhaa.

Kila mwezi, mtu mmoja kutoka kila kituo wakutane kwa saa moja wakiwa na matukio matano tu: mawili yaliyokwenda vizuri na matatu yaliyoharibika. Wayafuate toleo kwa toleo, saa kwa saa, waone yalikwama wapi, kisha warekebishe wasifu. Mikutano ya kwanza itajaa hoja za upande wa barabara na njia ya kwanza. Baadaye mtaanza kubishana kuhusu maneno ya kuandika kwenye bango la Magharibi ajali ikiwa bado iko Mashariki, na huo ni mjadala wa waendeshaji, si wa mafundi tena.